Gari la Orval Sikulikagua

Kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu, magari yote ya mashindano ya kuvuta hukaguliwa kabla ya kuingia uwanjani, isipokuwa yale yaliyotengenezwa na Orval Brandmeier. Hayo mkaguzi huyapiga kofi kwenye boneti, anatia sahihi, basi. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo mahali popote. Mimi nilipokabidhiwa ukaguzi, miaka kumi na sita iliyopita, niliikuta kama mtu anavyokuta kabati kwenye nyumba aliyohamia, nikaiacha pale pale ilipo. Nimepiga makofi yangu na kutia sahihi zangu kila Julai bila kujiuliza.

Nataka kumsimulia Orval mwenyewe, maana watu wa hapa wakianza kumsimulia siku hizi wanamfanya malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa mzee mbishi, mwenye mdomo, mwenye sifa, aliyenuka chuma kilichoungua hata akiwa kanisani. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wawili, na wao wanalijua hilo.

Tulikua mashamba manne kutoka kwao, hapa hapa Iowa. Baba yake alilima mahindi na soya, na Orval alitakiwa alime naye, lakini mikono yake haikutaka udongo. Alianza kwa kuchomelea mageti ya zizi na matela ya samadi. Baadaye majirani wenye trekta za mashindano wakawa wanamletea ekzosi zilizopasuka, yale mabomba ya kutolea moshi, naye akaona kwamba ekzosi ya kiwandani ni kazi ya watu wenye haraka ya kwenda nyumbani. Akaanza kutengeneza zake. Alikata vipande vya bomba vya ukubwa wa kiganja, kimoja kimoja, akaviunga mpaka kila silinda ya injini ikawa na bomba lake, na mabomba yote sita yakawa na urefu uleule, yakajipinda na kukutana kwenye kinywa kimoja mbele ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuishindilia injini hewa.

"Kwa nini yawe sawa?" mtu angeuliza, na hapo alikuwa amejiletea hotuba.

"Moshi ukifika kwa zamu, turbo inazunguka kwa raha. Ukifika kwa vurugu, inakohoa. Hata wewe ukilishwa vijiko sita kwa mpigo utakohoa."

Hotuba hiyo aliitoa kwa kila mtu, hata kwa mchungaji, hata kwa daktari aliyekuja kumpa pole siku mkewe, Lois, alipofariki. Baada ya Lois, nyumbani walibaki yeye na binti yake mmoja, Renae. Renae huendesha lori la malisho la ushirika siku za kazi, na tangu akiwa na miaka ishirini na mbili ndiye aliyekuwa anaiendesha pikapu ya baba yake kwenye mashindano. Ana mguu mzuri wa kukanyagia mafuta. Orval alimsifia kwa kila mtu isipokuwa kwake mwenyewe.

Mashindano yenyewe si magumu kuyaelewa. Gari linafungwa kwenye sleji kubwa ya chuma, na kadiri linavyoivuta, sanduku la uzito juu ya sleji linasogea mbele na kuikandamiza ardhini. Anayefika mbali kabla ya kukwama ndiye mshindi. Kinachotutia hofu sisi wakaguzi ni jambo moja. Injini ya dizeli ikiharibika sili ya turbo, ile inayoizuia oili isipite, huanza kunywa oili yake yenyewe, na ikishaanza, haijali ufunguo wala haijali dereva. Inapanda, inapanda, mpaka ipasuke. Njia ya kuizima ni moja tu, kuinyima pumzi. Kwa hiyo kila gari lina lango la hewa, bati nene linaloshuka ndani ya bomba la kuvutia hewa, na waya wake uko mkononi mwa dereva.

Kwenye magari ya turbo moja, Orval aliweka lango mbele kabisa, kwenye mdomo wa bomba. Aliliweka hapo miaka thelathini na halikumwangusha hata mara moja.

Sasa niseme habari ya macho. Miaka mitatu kabla ya mambo haya, niliona Orval anamimina kahawa akiwa ametia kidole ndani ya kikombe ili ajue kimejaa. Halafu nikaona akizungumza na mtu anageuza uso pembeni, kama kuku anayetazama punje.

"Orval, macho yako yana nini?"

"Hayana kitu. Sura yako ndiyo ina kitu. Nisipoiona vizuri ni nafuu kwangu."

Ilimchukua wiki nzima kuniambia ukweli. Daktari alikuwa amemweleza kwamba katikati ya macho kunakufa, atabaki akiona kingo tu, na hakuna dawa ya kurudisha. Aliniambia tukiwa gerejini kwake, akipangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Renae asijue," akasema.

"Kwa nini asijue? Ni mwanao."

"Kwa sababu atanitoa humu ndani, Gaylon. Atanikalisha kwenye kiti barazani na kunisomea gazeti. Ukimwambia, usikanyage tena hapa."

Sikumwambia. Na Orval aliendelea kuchomelea, kwa masikio. Alisema moto ukiwa umekaa sawa unatoa sauti ya nyama inayokaangwa, ukienda kombo unatema mate. Akimaliza alipitisha kidole gumba juu ya kiungo chote, mara mbili. Nilikuwa naenda kupitisha changu baada yake, nikitafuta kosa kwa siri, na sikulipata. Hiyo ndiyo iliyonitia ujinga. Nilidhani kama mikono iko sawa basi kila kitu kiko sawa.

Mwaka juzi pikapu yao ilishika nafasi ya sita. Waliowashinda wote watano walikuwa na turbo mbili, kubwa inayovuta hewa kutoka nje na kuisukuma kwenye ndogo, na ndogo inaisukuma kwenye injini. Orval hakulala vizuri baada ya hapo. Novemba alitangaza kwamba naye anafunga mbili.

"Baba, moja inatosha," Renae akamwambia. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo.

"Inatosha kwa nafasi ya sita."

"Nafasi ya sita ina ubaya gani? Mwaka ujao nitashika ya nne."

"Ya nne!" Orval akanigeukia. "Unasikia binti yangu? Mama yake hakuwa hivi."

"Mama alikuwa anakwambia acha kila siku," Renae akasema, "na wewe ulikuwa humsikii kwa kelele za grainda."

Orval alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema hii ndiyo ya mwisho, akishaimaliza atauza mashine zake na kukaa barazani kama watu wengine. Aliposema hivyo alitazama upande wangu. Mimi nikajua kwamba hatutamzuia, na kwamba wala sitaki kumzuia.

Alifanya kazi tangu Novemba hadi Juni. Hakutaka mtu ashike spana. Renae alishikilia tu vitu vizito na kufunga boneti. Mabomba yale ya ekzosi nimeyashika, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijapata kuona kazi kama ile. Chuma kisichoshika kutu, mabomba sita yamepindana bila kugusana, kila kiungo kimelala laini. Siku alipoyafunga kwenye injini alinishika mkono, akautembeza juu yake tangu silinda ya kwanza mpaka ya sita, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watoto wake. Nilitokwa na machozi, na nilishukuru kwamba hakuweza kuyaona.

Sasa lipo hili ambalo mpaka leo linanikaba. Mwezi wa pili chama cha mashindano kilituma karatasi kwa wakaguzi wote na madereva wote. Mstari mmoja ulikuwa mpya: gari lenye turbo mbili, lango la hewa liwe nyuma ya turbo zote, mwishoni kabisa, kwenye mlango wa injini. Sababu iko wazi kwa yeyote anayejua mabomba. Kati ya turbo kubwa na ndogo kuna mpira wa kuunganisha. Mpira huo ukichomoka, injini inapata pumzi kupitia hapo, na lango la mbele linakuwa pambo.

Niliichukua karatasi hiyo mpaka gerejini. Orval alikuwa amelala chini ya gari, Renae ameshika taa. Nikasema, "Chama kimeleta sheria mpya."

"Weka hapo mezani. Nitasoma."

Asingeweza kusoma, na mimi nilijua hivyo. Kumsomea mbele ya Renae kungekuwa sawa na kusema, Renae, baba yako haoni. Basi nikaiweka mezani. Nilijiambia nitamsomea siku nyingine tukiwa wawili. Siku nyingine ilikuwa na theluji, na iliyofuata nilikuwa na mafua, na baada ya hapo nikasahau, au nilijisahaulisha. Ukiwa na miaka sabini na moja hujui tofauti, au unajifanya hujui.

Jumamosi ya maonyesho ilikuwa ya joto la kukausha koo. Saa tisa alasiri magari yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya majukwaa, na harufu ya nyama ya kukaanga na ya dizeli zimechanganyika. Nilikagua manne, nikafika la Orval. Renae alikuwa ndani, helmeti kichwani, amefungwa mikanda. Orval alisimama mbele, mkono juu ya boneti, ovaroli yake imepigwa pasi.

Nilikuwa nimeukumbuka ule mstari asubuhi hiyo nikinyoa ndevu. Nikasema kwa sauti ya chini, "Orval, mwaka huu kuna mambo mapya ya turbo mbili. Nifungulie boneti dakika moja."

Hakuishusha sauti yake hata kidogo. "Gaylon! Unataka kunikagua mimi?"

Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. "Mwombe na cheti cha ubatizo, Gaylon!" mmoja akapaza sauti. "Mpime na pumzi, huenda kanywa maziwa!"

"Ni dakika moja tu," nikasema.

Orval aligeuza uso pembeni ili anione. Nilimjua mtu huyu tangu tukiwa na meno ya utoto, na sikuwahi kuiona hofu usoni mwake mpaka wakati huo. Nikadhani anaogopa nitakuta kiungo kibaya, watu wote hawa wakiwa wanatazama, halafu mtu aulize kwani mzee haoni? Viungo vile nilikuwa nimevipapasa kwa kidole changu. Vilikuwa vizuri. Nikajiambia, hapana, sitamfanyia hivi mbele ya watu.

Nikapiga kofi juu ya boneti. Nikatia sahihi.

Renae alivuta vizuri kuliko siku zote. Moshi mweusi ulipanda wima juu ya boneti, turbo zikalia zote mbili, moja nene moja nyembamba, na mtangazaji akaanza kupiga kelele kabla gari halijafika nusu ya uwanja. Orval alikuwa kando yangu kwenye uzio. Hakuwa anatazama. Aliinamisha kichwa, anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inacheka.

Kisha kukawa na mlio mmoja mfupi, kama tairi la baiskeli linapopasuka. Moshi mweusi ukageuka bluu. Gari lilisimama, sleji imelikandamiza, lakini injini haikushuka. Ilipanda. Nilimwona Renae anavuta waya wa lango, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa mikono miwili. Lango lilishuka. Lilikuwa kazi ya Orval, halikukwama. Lakini ilikuwa kama kufunga mlango wa mbele wakati ukuta wa nyuma umeshabomoka.

Oili iliyomwagika ikashika moto chini ya gari. Zimamoto walikimbilia upande wa Renae, mkanda mmoja umekataa kufunguka na mguu wake wa kushoto uko kwenye moto, nami nilikuwa nasikia anapiga kelele juu ya kelele ya injini. Nilipogeuka, Orval hakuwa kando yangu.

Mzee asiyeona mbele yake aliruka uzio na kukimbia moja kwa moja bila kujikwaa. Alikuwa anaifuata sauti. Nilimkimbilia nikimwita, lakini magoti yangu si ya kukimbia tena. Aliifungua boneti kwa mikono mitupu, akapapasa mara moja tu, akapata pengo ambapo mpira ulikuwa umechomoka, na akachomoa glavu zake za ngozi mfukoni na kuzishindilia zote mbili ndani ya bomba. Injini ikakabwa koo. Ikashuka. Niliisikia inakufa, nikasema, asante Mungu.

Ilikuwa imeshapasuka ndani. Kabla haijasimama, kipande cha chuma kilitoboa ubavu wa injini na kutoka nje, na Orval alikuwa ameinama hapo hapo. Alianguka. Nilipofika alikuwa ameshakwisha.

Tulimzika Alhamisi. Kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kulikuwa na hemu ya nguruwe na saladi ya viazi, na kila mtu aliyenishika mkono aliniambia kwamba Orval alikufa akifanya alichokipenda. Wa saba au wa nane aliponiambia hivyo nilimjibu kwamba ni upuuzi mtupu, hakuna mtu anayependa kupasuliwa kifua, nikaweka sahani chini na kwenda kukaa ndani ya gari. Mke wangu alikuja kunifuata.

Wiki iliyofuata alikuja mtu wa chama, kijana mpole mwenye fomu. Akaniuliza, "Gari ulilikagua?"

"Nililikagua."

"Lango lilikuwa wapi?"

"Mahali pake."

Aliandika. Aliniangalia kidogo, akaangalia ile sahihi yangu, akasema pole kwa msiba, akaenda. Nadhani alijua. Ila nimekuwa kwenye mashindano haya miaka mingi kuliko yeye alivyoishi, na yeye naye alinionea haya.

Nilikaa na uongo huo mpaka Septemba. Sikuweza kula mezani na mke wangu bila kuona lile lango. Mwishowe nikaenda kwa Renae. Alikuwa jikoni, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini na umewekwa juu ya kiti, anamenya mahindi kwa ajili ya friji. Daktari alimwachia vidole viwili.

"Kaa, Anko Gaylon. Kahawa iko kwenye jiko."

Sikukaa. "Renae, sikufungua boneti."

"Najua. Nilikuwa ndani, si nilikuona."

"Ningefungua ningeona lango liko mbele. Ningelikataa lile gari, na baba yako angekuwa hai. Na yule mtu wa chama nilimdanganya. Nimekuja kukwambia kesho naenda kumwambia ukweli."

Aliendelea kumenya. Akamaliza hindi moja, akachukua jingine, kisha akaliweka mezani.

"Mimi nililiona tangu Jumanne ile kabla ya maonyesho," akasema. "Nilipofunga boneti. Ile karatasi ya chama na sisi madereva tulipelekewa."

Nilishika kiti.

"Sikumwambia. Ningemwambia nini? Baba, huoni? Miaka mitatu ananificha macho yake, na mimi miaka mitatu namsaidia kunificha. Namwekea vikombe vyake mahali palepale. Najifanya nimesahau miwani yake ili asilazimike kusoma kitu." Alipangusa pua kwa mkono wenye nyuzi za mahindi. "Nikasema Jumamosi yupo Anko Gaylon. Anko ataona, atakataa, Baba atamtukana mbele ya watu na kumnunia mpaka Krismasi. Halafu yataisha. Wewe angekusamehe. Mimi asingenisamehe kamwe."

"Sasa mbona uliendesha, mwanangu? Ulishajua."

Alinitazama moja kwa moja, kwa macho ya baba yake yalipokuwa mazima.

"Nilikaa mle ndani nimefungwa mikanda, nakungojea wewe," akasema. "Ulipotia sahihi nikasema, kama Anko karidhika, mimi ni nani. Labda nimeisoma vibaya. Nikawasha."